Masta ya maafa: niende Ardhi, Muhimbili au Kakamega?

nesi_wa_manyara
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana nipo njia panda. Mimi ni nesi, nina digrii ya uuguzi, mwaka wa sita sasa nipo kazini huku Manyara. Ile tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang likapita Jorodom na Gendabi mpaka Katesh mjini, mimi nilikuwa kati ya waliopelekwa kuongeza nguvu kwenye kituo kimoja cha kupokea majeruhi. Majeraha nimeyazoea jamani, kilichonikaa moyoni ni watu kuja na picha kwenye simu, huyu mmemwona, huyu mmemwona, na sisi tuna madaftari matatu, kila mtu kaandika majina anavyojua yeye, kuna mtoto kaandikwa mara mbili na mama yake yupo wodi ya pili hakuna anayejua. Tangu siku hiyo nataka kusoma maafa. Sasa nimesikia Chuo Kikuu Ardhi cha Dar wana masta, chuo cha Muhimbili wapo na mambo ya dharura, Kenya nako Kakamega wapo. Niende wapi? Na nikirudi halmashauri nitafanya kazi gani hasa?

mto_msimbazi
Pole sana dada na hongera kwa moyo huo. Mimi nimesoma Ardhi, masta ya usimamizi wa hatari za maafa. Nikuambie kabisa, pale hutafundishwa kutibu mtu, muda mwingi utaumaliza kwenye ramani, matumizi ya ardhi, nani anaishi wapi na kwa nini anaishi pale. Ule mlima haukulipuka wala hapakuwa na tetemeko, mvua zilinyesha sana miamba laini ikanyonya maji mpaka sehemu ikameguka, basi swali la pale chuoni ni nani alijenga kwenye njia ya yale maji na nani angemwambia mapema. Nikupe mfano wa Ramani Huria, kuanzia 2015 wanafunzi wa Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanapita mtaa kwa mtaa huku mabondeni Dar wakiuliza wenyeji maji yalifika wapi, wanaweka kwenye ramani ambayo mtu yeyote anaifungua bure. Hapo ndo niliona maana ya elimu. Anza kujifunza QGIS sasa hivi, ile programu ya kompyuta ya kuchora ramani, ni ya bure, ukifika darasani hujui ramani utateseka miezi mitatu ya kwanza.

zamu_ya_usiku
Muhimbili usichanganye mambo. Ile ya tiba ya dharura iliyoanza 2010 ni ya madaktari, wewe nesi njia yako ni masta ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na ajali. Ni nzuri mno, mimi nimepita huko, ila inakufanya uwe hodari mgonjwa akishafika mlangoni. Hayo madaftari matatu uliyoyasema hayatibiki wodini, hilo ni tatizo la uratibu, kwa hiyo naungana na jamaa wa hapo juu.

omundu_wa_kakamega
Salamu kutoka Kenya. Hapa Kakamega, chuo kikuu cha Masinde Muliro wana masomo ya maafa kuanzia digrii hadi uzamifu, si jambo la juzi. Utakachopata huku ambacho pengine huko ni haba ni ukame, kwa sababu ukame haupigi king'ora, watu wa Turkana na Marsabit wanaumia pole pole miezi kadhaa kabla mtu wa Nairobi ajue, na kuna mamlaka nzima ya serikali ya kazi hiyo tangu 2011. Lakini dada kama moyo wako uko Hanang, soma karibu na Hanang. Ukija huku, angalau risechi ukaifanyie kwenu.

mto_msimbazi
Kuhusu kazi: tafuta Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 uisome yote kabla hujaandika barua ya kuomba chuo. Kuna kamati za maafa kuanzia kijiji hadi taifa, ya wilaya iko chini ya mkuu wa wilaya. Kamati zipo, watu waliosomea ndo wachache. Ruhusa ya masomo iombe kwa maandishi mapema, usiache kazi.

mjukuu_wa_bukoba
Naongeza moja tu. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria hapa kwetu Bukoba Novemba 2022 waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, watu 24 wakatoka hai kati ya 43. Mimi nilikuwa ufukweni. Popote utakaposoma, waulize walimu hao wavuvi wanafundishwa lini, maana mwaka 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ziwa hili hili.

nesi_wa_manyara
Asanteni sana, nimesoma zote mara mbili. Naomba Ardhi, na risechi nimeshaijua: orodha moja ya majeruhi na waliopotea inayotembea kati ya kituo, wodi, mochwari na kambi ya waathirika. @mto_msimbazi naomba nikufuate inbox nikuonyeshe nilivyoanza kuichora, QGIS nimeshaanza kudownload, mtandao wa huku ndo unasuasua.