Mwanafunzi akisifiwa hujithamini zaidi, au tunamvika kilemba cha ukoka?

Swali, kutoka kwa mwalimu wa darasa la nne

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninafundisha Hisabati darasa lenye wanafunzi 78, na kwa miaka sita nimekuwa na desturi ya kuandika "Vizuri sana, hongera" chini ya kazi ya kila mtoto aliyevuka nusu ya alama, nikiamini kwamba maneno hayo yatawajenga, hasa wale ambao nyumbani hawasikii neno jema. Wiki iliyopita nilimrudishia daftari binti mmoja asiyezungumza sana darasani. Alilitazama, akalifunga, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mbona umetuandikia sawa wote, hata waliokosa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilipolieleza jambo hili ofisini, mwalimu mwenzangu wa siku nyingi alinikumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo lililo salama ni kunyamaza na kuacha alama ziseme. Moyo wangu umekataa, lakini sikuweza kumpinga kwa hoja. Je, kumsifu mtoto kunamjengea kweli hali ya kujithamini, na kama ndivyo, ni sifa za namna gani?

Jibu la kwanza, kutoka kwa fundi cherehani, Morogoro

Mwalimu, pole, na hongera kwa kulichukulia swali la mtoto huyo kwa uzito, maana wengi wangemwambia akae chini. Mimi ninafundisha wasichana wanne ushonaji, na nitaeleza nilivyofundishwa mwenyewe. Fundi wangu alikuwa mgumu wa maneno. Mwaka mzima wa kwanza nilipiga pasi, nikafumua na kushona vifungo, na kila niliposikia jina langu likiitwa nilijua nimeharibu kitambaa cha mteja. Nilikuwa nimekwisha kujiona mtu asiye na mikono. Siku moja nikatia kola ya shati la sare ya shule. Akalichukua, akapitisha kidole gumba kwenye ncha moja ya kola na kisha ya pili, akazikutanisha, akasema: "Ncha zimelingana. Ulipunguza kitambaa cha kona kabla ya kugeuza, ndiyo maana hazijavimba." Halafu akalitundika pamoja na nguo zilizokuwa zikisubiri wenyewe.

Hakusema kwamba mimi ni hodari. Hata hivyo nililala usiku ule nikijua kwamba lipo jambo moja ninaloliweza, na kwamba ninajua nililifanyaje, kwa hiyo kesho ninaweza kulirudia. Lawama yangu kwake, ingawa ni marehemu na ninamheshimu, ni kwamba alinisubirisha mwaka mzima kulisikia neno lile.

Jibu la pili, kutoka kwa mwalimu wa ushauri nasaha, sekondari

Anachosimulia dada fundi kinakaribiana sana na yale ambayo watafiti wameyaona. Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo na wote wakaambiwa kwamba wamefanya vizuri, lakini baadhi waliongezewa kwamba bila shaka wana akili, na wengine kwamba bila shaka wamejitahidi sana. Baadaye wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda, na mwishowe mengine yenye ugumu ule ule wa mwanzo. Waliosifiwa akili walishuka chini ya alama zao za awali, ilhali waliosifiwa bidii walipanda. Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba walipotakiwa kuwaeleza watoto wenzao alama walizopata, asilimia 38 ya waliosifiwa akili waliziongeza, wakati miongoni mwa waliosifiwa bidii walikuwa asilimia 13. Mtoto aliyeaminishwa kwamba thamani yake ni akili yake, siku akishindwa huona thamani yenyewe imemtoka, naye huficha.

Utafiti mwingine wa Eddie Brummelman wa Uholanzi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, unawagusa wale watoto wanyonge unaowahurumia. Watoto walinakili picha ya maua ya Vincent van Gogh, kisha wakapewa kikaratasi kilichosemekana kimeandikwa na mchoraji mahiri. Baadhi waliandikiwa kwamba picha yao ni nzuri, wengine kwamba ni nzuri ajabu. Neno hilo moja la ziada liliwafanya watoto wasiojithamini wakwepe michoro migumu iliyofuata. Na ndio hao hao ambao sisi watu wazima, kwa huruma, huwatilia sifa chumvi kuliko wenzao.

Jibu la tatu, kutoka kwa baba wa watoto wanne

Mwalimu, naomba nianze na methali, kwa kuwa naona inatumiwa vibaya. Mgema hulitia tembo maji anapojua kwamba wanaomsifu hawalionji tena. Aliyelionja leo akasema limekolea, na kesho akalionja akasema limepungua, huyo mgema hawezi kumchezea. Kwa hiyo methali hiyo haimwamuru mtu kunyamaza. Wazee hao hao ndio waliotuambia mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nisilokubaliana nalo katika majibu yaliyotangulia ni kuifungia shukrani kwenye kazi na alama peke yake. Kijana wangu wa pili hakufaulu mtihani wa darasa la saba, na kwa wiki kadhaa alikuwa akila chakula chake uani, peke yake. Kumwambia kwamba amefanya vizuri kungekuwa uongo, naye angeujua. Lakini katika miezi ile ile bibi yake alikuwa hawezi kutembea, na kila jioni mtoto huyo alikuwa akimkanda miguu kwa maji ya moto bila kutumwa na mtu. Nilimshukuru kwa hilo mbele ya shangazi zake, nikataja maji, sufuria na muda aliokuwa akikaa pale chini. Hakujibu kitu. Usiku ule alikula ndani pamoja nasi.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, na wewe baba umenigusa mahali ambapo sikuwa nimefika. Madaftari 78 siwezi kuyaandikia sentensi nzima kila siku, kwa hiyo nimeamua yatakuwa kumi kwa siku, na mengine yatapata vema na alama tu.

Nimeanza na la binti yule. Nilipolifungua upya niliona kitu nilichokuwa nimekipita: pembeni mwa kila swali la kugawanya, kwa penseli hafifu, alikuwa amezidisha jibu lake ili kulihakiki, na katika swali la tano alikuwa amefuta 43 akaweka 34. Nikamwandikia: "Nimeona ulivyohakiki swali la tano kwa kuzidisha, ukalitambua kosa lako kabla sijaliona mimi." Leo asubuhi alilisoma akiwa amesimama, akaliacha daftari wazi juu ya dawati, kisha akaniomba ruhusa ya kumwonyesha jirani yake namna anavyohakiki.