Naomba ushauri: kamera ya milioni 4 itaokoa filamu zangu?

Wakuu, habari za muda huu. Nipo Mwanza, natengeneza filamu fupi na washkaji kwa simu, wikiendi tu. Nimedunduliza mpaka milioni 4, na kuna jamaa anauza Sony A7 III ya mtumba na lenzi moja. Roho inasema beba, ila nasita.

Juzi nilimwonyesha mama mdogo kazi yetu ya mwisho. Dakika ya pili akauliza, "Mbona huyu binti simsikii anachosema?" Picha hata hakuigusia. Tulirekodi kando ya ziwa, upepo unapiga maiki ya simu, bodaboda zinapita. Na kipande cha ndani taa zinachezacheza. Baadaye ndiyo nikajua umeme wetu ni wa 50Hz, shata (muda kamera inaoingiza mwanga kwa kila picha) ilitakiwa iwe 1/50 ya sekunde, siyo 1/60. Hapo kamera ya bei ingenisaidia nini?

Mwongozaji wa Marekani, Sean Baker, alipiga filamu yake ya Tangerine (2015) kwa simu ya iPhone 5s. Ila walifunga lenzi za ziada na sauti walirekodi kwa vifaa vya maana, hilo watu huwa hawalisemi.

Tatizo, usiku simu yangu inatoa chenga tupu, na stori mpya nusu yake ni usiku.

Mliopita huku: nibebe kamera, au ninunue maiki za kubana shati, rekoda na taa mbili, inayobaki iwe nauli na msosi wa waigizaji? Na kamera ya mtumba nikague nini kabla sijatoa hela?