Naombeni ushauri: siku 5 za nchi kavu Alaska kabla ya kupanda meli, Fairbanks niiweke au niiache?

senene_baridi
Wakuu heshima kwenu. Nipo Minnesota huu mwaka wa 11, mwezi wa sita naenda Alaska na familia, tumekata meli ya siku 7 inayoshuka kusini mpaka Vancouver, inaondoka Anchorage Jumamosi saa 10 na nusu jioni. Wenye meli wana paketi yao ya nchi kavu, hoteli, treni, basi, kila kitu wanapanga wao, ila bei yake kwa watu wanne niliiangalia mara mbili nikafunga laptop. Nikasema najipangia mwenyewe.

Mpango upo hivi: Jumatatu usiku tunatua Anchorage, Jumanne gari ya kukodi mpaka Denali, kama maili 240, Jumatano tunaingia mbugani, Alhamisi tunapanda mji wa Fairbanks kaskazini zaidi, Ijumaa tunateremka Anchorage, Jumamosi tunazunguka mjini kidogo halafu melini. Swali langu ni moja tu, Fairbanks niiweke au niiache? Wife anasema tuiache, mimi naona nifike mpaka huko halafu nirudi bila kuiona itaniuma. Zimebaki wiki sita na usingizi sipati, saa nane za usiku nipo kwenye ramani. Nawasilisha.

Kanyaboya
Alaska kuna nini mkuu? Baridi si ni ile ile ya hapo kwenu Minnesota. Hela hiyo ungemalizia fensi ya Kibaha.

Dereva_Mzito
Mkuu mimi nimepeleka mizigo Anchorage misimu mitatu, nilikuwa naipanda ile barabara ya kupitia Kanada kwa hiyo sikuambii kwa kusoma. Fairbanks mpaka Anchorage ni maili 360, ramani itakudanganya masaa sita na nusu, sasa ongeza ukarabati maana kiangazi ndio msimu wao wa kuchimba barabara, unasimamishwa na dada mwenye kibao dakika ishirini, ongeza na lami yenyewe ina mawimbi kwa sababu ardhi inaganda na kuyeyuka kila mwaka, gari ndogo inaruka kama ipo mteremko wa Kitonga imekatika breki. Na moose, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Mimi alinisimamia mmoja katikati ya barabara na mtoto wake, nikazima injini, nikala mkate wangu wote, nikampigia simu mke wangu tukagombana tukapatana, yule mnyama bado kasimama.

Jibu la swali lako: futa Fairbanks. Siku moja kwenda, siku moja kurudi, hapo umeona nini zaidi ya usukani?

mama_wawili
Naunga mkono kufuta. Halafu mleta mada hujasema hao wanne ni akina nani. Sisi tulienda 2023 na watoto, ile barabara ya ndani ya Denali ina maili 92 lakini gari yako binafsi mwisho maili 15, baada ya hapo ni mabasi ya mbuga, na nayo wakati wetu yalikuwa yanaishia maili 43 kwa sababu mlima uliporomoka pale Pretty Rocks 2021 wakawa wanajenga daraja. Mabasi yenyewe yale ya kawaida ni kama ya shule, kiti kigumu, masaa manne mpaka matano kwenda na kurudi, chakula hakiuzwi huko ndani unabeba mwenyewe. Kama kuna mtoto mdogo au mzee hilo swali lako la Fairbanks ni dogo sana.

Ustadhi_Kisamvu
Assalaam alaykum. Ndugu yangu kama ni Muislamu jipange na swala. Mwezi wa sita Anchorage jua linazama saa tano na dakika arobaini usiku. Mimi nilifika nikakaa nasubiri Magharibi mpaka nikasinzia kwenye kochi, naamka kweupe sijui kama hii ni jioni au alfajiri. Beba na pazia zito la dirishani, hoteli za bei poa mapazia yao ni kama chandarua.

senene_baridi
Asanteni sana. Wanne ni mimi, wife, kijana wetu wa miaka 9, na mgeni mmoja. Ustadhi mimi Mlutheri lakini pazia nimelinukuu. Dereva nimekusikia ila Ijumaa nikiamka saa kumi na moja alfajiri si nafika mapema tu?

Kijana_wa_Surrey
Mkuu mimi nipo huku karibu na Vancouver. Hao wanne wana pasi za nchi gani?

senene_baridi
Tupo vizuri kwenye makaratasi mkuu usijali. Swali lilikuwa Fairbanks.

Kijana_wa_Surrey
Najali. Meli inaishia Vancouver, Vancouver ni Kanada. Wewe?

senene_baridi
Mimi raia, dogo raia, wife ana green card.

Kijana_wa_Surrey
Wife abebe pasi yake ya Tanzania na hiyo kadi, viza ya Kanada haombi. Mgeni?

Kanyaboya
Mgeni kapotea hewani 😂

senene_baridi
Sawa jamani, mgeni ni bi mkubwa, mama yangu. Kaja kututembelea tangu mwezi wa pili, ana viza ya Marekani ya kuingia na kutoka mara nyingi, muda wake wa kukaa haujaisha, kila kitu halali. Ya Kanada hana. Sasa kabla hamjanirukia, yeye Kanada haendi kutembea, meli inatia nanga asubuhi, tunashuka, teksi, airport, saa nane mchana tupo angani tunarudi Minneapolis. Hata chai hanywi pale. Tatizo liko wapi?

Kijana_wa_Surrey
Tatizo liko hapo hapo ulipoandika tunashuka. Akikanyaga bandarini ameingia Kanada, iwe masaa matano au miezi mitano. Na hatafika huko, kaunta ya meli watamuomba viza kabla ya kumpa kadi ya chumba, akiwa hana anabaki gatini na mabegi yake. Tena siku hiyo hurudishiwi hata senti.

mama_wawili
Lakini si kuna ile ruhusa ya mtandaoni, ya kulipia kama dola saba?

Kijana_wa_Surrey
Ile ni kwa nchi chache. Moroko wamo, Shelisheli wamo, Tanzania hatumo. Anaomba viza kamili, dola 100 za Kanada, na 85 nyingine za alama za vidole. Jambo jema ni kwamba hahitaji kurudi Dar, vidole anachukuliwa huko huko Marekani kwenye vituo vya uhamiaji vyao. Ila wiki sita, mkuu, ulikuwa unasubiri nini?

Bibi_Harusi_09
Mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Mzazi anatolewa kijijini kwake anakaa ndani ya nyumba miezi mitatu anaangalia theluji dirishani, leo mnataka kumbeba kama begi bila hata kumuandalia karatasi. Wazee wetu hawa. Mimi mama yangu nilimleta Dallas 2018, siku ya tatu akaniuliza "mwanangu, majirani wamekufa wote?" Nilitafuta tiketi ya kumrudisha mwenyewe bila kuambiwa.

senene_baridi
Dada simbebi kama begi, hela yote nimelipa tangu mwezi wa tatu, tarehe ya kurudishiwa imepita, na nilifanya hivyo ili afurahi. Nilikuwa nawaza pia kubadilisha nichukue ile meli inayoanza na kuishia Seattle, ile si haiingii Kanada?

Kijana_wa_Surrey
Inagusa Victoria, nayo ni Kanada. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886, meli yenye bendera ya nje haipakii abiria bandari moja ya Marekani ikamshusha nyingine, wala haizunguki bandari za Marekani tupu, bila kutia mguu nchi ya nje. Na hizi meli kubwa karibu zote zina bendera za nje kama Bahamas, Panama, Bermuda. Kwa hiyo usihangaike kutafuta njia ya panya, haipo.

Dereva_Mzito
Kuna feri za serikali ya jimbo la Alaska, zile bendera ni ya Marekani. Kuna inayotoka Bellingham hapo jimbo la Washington moja kwa moja mpaka Ketchikan, Kanada unaipita unaiangalia tu. Haina kasino wala bwawa, vijana wanafunga mahema juu ya deki kwa utepe wa gundi, nimeona kwa macho yangu.

Chai_Jaba
Ngojeni kwanza kabla hamjamaliza hekima zenu. Moja, hizo meli haziondokei Anchorage, zinaondokea Seward au Whittier, mtu aliyelipa "hela yote" hajui bandari yake? Mbili, huyu huyu senene_baridi mwezi wa pili alikuwa jukwaa la biashara anauliza bei ya mashine ya kukoboa mpunga Kahama. Mwezi wa pili Kahama, mwezi wa tano Minnesota ana wife mwenye green card. Wakuu hii ni chai, tena ya rangi, sukari mmeweka wenyewe.

Kanyaboya
😂😂😂 Nilijua tu. Mlutheri wa Kahama.

Bibi_Harusi_09
Ina maana nimemlilia mama wa mtu hayupo?

senene_baridi
We Chai Jaba kuwa na adabu. Mashine nilimuulizia mdogo wangu, yeye ndio yupo Kahama, hela ndio natuma mimi, mnataka niweke risiti za kutuma hela hapa? Na kuhusu Anchorage subirini nafungua tiketi niwawekee hapa mwone aibu.

senene_baridi
Imeandikwa Anchorage (Whittier), Alaska.

Chai_Jaba
Enhee.

senene_baridi
Nilidhani Whittier ni jina la gati.

Dereva_Mzito
Hahaha mkuu Whittier ni mji mwingine kabisa, maili kama 60 toka Anchorage, na kwa gari huingii ila kwa handaki, kilomita 4 ndani ya mlima, njia ni moja, magari na treni wanapokezana. Upande wa kuingia Whittier wanafungua mara moja kwa saa, ikifika na nusu, ukikuta wameshafunga unakaa foleni mpaka na nusu ya saa inayofuata, na treni ikiwepo ndio kabisa. Humo ndani gari yako inapita juu ya reli, kuta zinatiririka maji, mbele unaona taa nyekundu za mwenzako tu. Mara ya kwanza niliimba tenzi.

Sasa angalia mpango wako, Jumamosi mlikuwa mzunguke mjini mpaka saa tisa mkijua meli ipo hapo chini. Mshukuru Chai Jaba. Rudisha gari Anchorage Ijumaa, maana ukiirudishia mji mwingine wanakupiga hela, Jumamosi pandeni treni ya asubuhi mpaka Whittier, inafika mchana na inapita pembeni ya ghuba, bi mkubwa ataona na barafu dirishani kakaa.

Chai_Jaba
Sipokei shukrani mpaka nione picha ya huyo mama.

mama_wawili
Picha ya mzazi wa mtu haiwekwi jukwaani. Mleta mada, nauliza mimi, maza mwenyewe anaisemaje hii safari? Tangu asubuhi tunampangia tu. Miguu yake vipi? Meli kashawahi kupanda?

Kanyaboya
Kimya kingine hiki.

senene_baridi
Nimerudi, nilikuwa kazini.

Goti la kushoto linamsumbua. Na nisiwafiche, hajui kama kuna meli. Nimemwambia tunaenda kuona mlima mrefu kuliko Kilimanjaro, Denali mita 6,190 na Kili 5,895, akacheka akasema twende nikauone huo unaotusema. Meli sikutaja. Sisi ni watu wa Kemondo. Mjomba wangu, mdogo wake wa kumfuatia, aliondoka na MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Tangu siku ile mama akienda Mwanza anaenda kwa basi, kuzunguka ziwa, hata mwaka nilipofunga ndoa. Nikasema akishafika akaiona ile meli ilivyo kubwa kama ghorofa moyo utatulia mwenyewe. Ndio maana na viza niliahirisha, fomu ya Kanada inauliza safari yako, ningejaza naye akiwa pembeni.

Bibi_Harusi_09
Aisee. Pole sana kaka.

Chai_Jaba
Mkuu nimefuta maneno. Shangazi yangu alikuwa humo. Tulikaa Mwanza pale ufukweni siku nne.

Dereva_Mzito
Usimpeleke mtu gatini kwa kumshtukiza. Hata mimi mwanaume wa handaki nilitaka kuambiwa.

mama_wawili
Mwambie leo, jikoni, wife akiwepo. Na mwambie kwamba kabla meli haijang'oa nanga kila abiria lazima aoneshwe kituo chake cha dharura na jinsi ya kuvaa boya, haiondoki kabla ya hapo. Sisi tulioneshwa hata dogo wetu. Akikataa mbaki naye nchi kavu, hela iende.

senene_baridi
Mrejesho wakuu, huu hapa. Nilimwambia jana usiku. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha, akachambua mpaka ungo ukaisha. Halafu akauliza, "Imeandikiwa kubeba watu wangapi, na safari hii mmekata wangapi?" Sikuwa na jibu. Akasema tafuta. Nimekaa na simu dakika arobaini na tano nasikiliza muziki wao, nikapata namba zote mbili, nikamuandikia kwenye karatasi, kaiweka ndani ya Biblia. Hajasema ndiyo hajasema hapana. Ila vidole vya Kanada kakubali kwenda, Alhamisi asubuhi.

Fairbanks nimefuta. Basi la Denali nalo nimefuta kwa ajili ya goti, tutalala Talkeetna, mji mdogo kusini ya mlima, usiku mbili tuungoje mlima kutokea pale, wanasema watu wengi huwa hawauoni kwa mawingu, tutajua huko huko.

Kijana_wa_Surrey
Viza ikitoka na mkishuka salama nitawapokea bandarini, chai atakunywa.

Kanyaboya
Mkuu, na ile mashine ya kukoboa mdogo wako aliipata? Na mimi natafuta.

senene_baridi
Njoo inbox.