Krismasi Ndanda au Newala kwanza: tuanzie upande gani wa safari?

Mkazi wa Shangani aliandika:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi na mume wangu tunaishi Mtwara mjini, na mwaka huu, shule zikishafungwa, tumekubaliana kuwapeleka watoto wetu watatu kwa wazee wa pande zote mbili kwa safari moja, badala ya kugawana sikukuu kama tulivyozoea, yaani Krismasi kwetu na Idd kwao. Wazazi wangu wako Ndanda na ni Wakatoliki. Mama mkwe wangu yuko Newala, na nyumba yote ya mume wangu ni ya Waislamu. Tutasafiri kwa Noah yetu, na ndani yake atakuwamo pia mama mkubwa wa mume wangu, mtu mzima mwenye kisukari na magoti yanayomsumbua, ambaye ameomba tumchukue ili akamwone mdogo wake.

Tunachobishania ni mahali pa kuanzia. Mume wangu anataka tutoke Mtwara kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba, tufikie Newala, tulale kwa mama yake usiku mbili, kisha tushuke Masasi na kuingia Ndanda tarehe 24 kwa ajili ya misa ya mkesha, halafu turejee nyumbani kwa lami ya Mingoyo. Mimi naona tuzunguke kinyume chake: tuanze na lami, tusherehekee Krismasi Ndanda, na sikukuu ikiisha ndipo tupitie Masasi, tupande Newala na kurudi Mtwara kwa Tandahimba. Yeye anasema si adabu kumzungusha mzee kwa wakwe kabla hajafikishwa kwa ndugu yake. Mimi nasema mvua zimekwisha kuanza, na sitaki kuingia kwa wazazi wangu jioni ya mkesha nikiwa na watoto waliotapakaa matope na mume aliyechoka kusukuma gari.

Jambo la pili ni chakula. Baba ameshanunua mbuzi wa sikukuu, na safari hii kwenye jamvi watakuwapo mkwe wake na mama mkubwa. Sitaki mtu akae anajifanya ameshiba. Waliozoea nyumba za dini mbili wanafanyaje?

Dereva wa Mingoyo alijibu:

Dada, kazi yangu ni kuteremsha korosho kutoka maghala ya huko juu hadi bandari ya Mtwara, kwa hiyo nitajibu la barabara tu na la mbuzi nitawaachia wenyewe.

Kutoka Mtwara hadi Masasi kwa kupitia Newala ni kilomita 210. Kilomita 50 za mwanzo, hadi Mnivata, zina lami, na mgeni akizipita hudhani safari yote itakuwa hivyo hivyo. Kilomita 160 zinazobaki ndizo zenye mradi wa ujenzi, na barabara inayojengwa haina hali moja: unatembea vizuri, mara unatolewa pembeni kwenye njia ya mchepuko, mara unarudishwa. Mtu akikueleza kwamba alipita mwezi uliopita bila shida, hajakueleza kitu. Mtafute aliyepita jana. Upande wa pili, wa Mingoyo, Mtama na Nyangao, ni lami mpaka Masasi, takribani kilomita 200, na Ndanda mnaikuta kabla ya Masasi.

Sasa kuhusu mvua. Huku kwetu kusini tuna msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Juu ya uwanda wa Makonde udongo ni wa kichanga, na mchanga ukinyeshewa kidogo hushikamana na kupitika vizuri kuliko ukiwa mkavu, kwa hiyo msitishwe na kila wingu mtakaloliona Tandahimba. Mahali pa kuogopa ni ukingo wa uwanda, kati ya Newala na Masasi, pamoja na kila mahali palipomwagwa kifusi kibichi cha kujazia barabara. Kwa mpango wa shemeji, kipande hicho mtakishuka. Kwa mpango wako, mtakipanda. Gari linalopanda kwenye utelezi likishindwa, husimama, mkateremka, mkasubiri jua. Linaloshuka likishindwa, dereva hana tena la kuamua. Kwa sababu hiyo moja tu ningefuata mpango wako, hata kama mengine yote yangekuwa sawa.

Liko na la malori. Minada ya korosho huanza Oktoba, na Desemba bado tunashusha mzigo kuelekea bandarini. Mkitoka Mtwara kwenda Newala mtapishana nasi uso kwa uso kwenye michepuko myembamba, tena sisi tukiwa na mzigo na hatuwezi kusimama ghafla kwenye mteremko. Mkitoka Newala kuja Mtwara mtakuwa nyuma yetu mkila vumbi, jambo ambalo linachosha lakini halina hatari ikiwa shemeji hatakuwa na haraka ya kupita.

Mwisho, msisafiri kabisa alasiri ya tarehe 25 wala tarehe 26. Siku hizo watoto wenye nguo mpya wanatembea katikati ya barabara wakienda kusalimia, bodaboda zimepakia watu watatu mpaka wanne, na baadhi ya waendeshaji wamekwisha kunywa. Ingieni Ndanda tarehe 23, na msitoke kabla ya 27.

Mama wa Chikongola alijibu:

Mwanangu, dereva amesema kweli kuhusu mteremko, lakini mumeo naye hajakosea kuwaza adabu. Amekosea tu mahali pa kuiweka. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wa huko Ndanda, ukoo wao kwa asili huhesabiwa kwa mama. Watoto wako ni wa kwenu kabla ya kuwa wa Newala, na mjomba wao ndiye mwenye neno siku ya jando, siku ya unyago na siku ya posa. Kuwapeleka watoto kwa wajomba zao kwanza hakumvunjii mtu heshima, na mama mkwe wako, kama ni Mmakonde niliyemzoea mimi, atakuwa wa mwisho kulalamika, kwa maana na yeye ana watoto wa binti zake anaotaka waletwe kwake kwanza.

Anayeweza kuvunjiwa heshima ni mama mkubwa, na katika maelezo yako yote sikuona mahali alipoulizwa. Yeye aliomba kwenda Newala. Ninyi wawili mnabishana juu ya kichwa chake kama vile ni begi lililoko kwenye buti. Mwulizeni, tena aulizwe na mumeo, bila wewe kuwapo, ili asione haya kukataa. Akisema hataki kukaa kwa wakwe siku zote hizo, apandishwe basi la asubuhi la Newala pamoja na kijana wa kumsindikiza, nanyi mtamkuta huko na kurudi naye. Akikubali kwenda Ndanda, basi mama yako mzazi ampigie simu na kumwalika kwa kinywa chake mwenyewe. Mzee anayefika kwa watu kwa sababu gari lilikuwa linapita huko hukaa ukumbini akihesabu siku, lakini aliyealikwa huketi jikoni na wenzake akachambua mchele.

Kuhusu mbuzi, jibu ni fupi na hapa kwetu halina ugeni wowote: achinjwe na Mwislamu. Mumeo yupo, na kama hajui kuchinja, jirani Mwislamu hatakosekana Ndanda. Familia nyingi za Kikristo za mikoa hii hufanya hivyo hata zisipokuwa na mkwe Mwislamu, ili jirani yeyote atakayebisha hodi aweze kula. Linalosahaulika ni vyombo. Ikiwa jikoni kwa mama yako huwa panapikwa nguruwe, usianze kuuliza sufuria ipi ilipikiwa nini, kwa sababu utamwaibisha yeye na utamtia shaka mgeni. Nunua sufuria kubwa mbili mpya hapa Mtwara, zifungue mbele ya wote na useme ndiyo zawadi yako ya sikukuu. Pilau ipikwe humo, na hakuna atakayehitaji kueleza lolote. Wajomba wanaotaka uraka wao, ile pombe ya mabibo, waunywe nyumba nyingine. Nyumba hazikosekani siku ya Krismasi.

Kwa mgonjwa wa kisukari, kuleni kwa saa zake na si kwa saa za gari. Abebe dawa zake mwilini, si kwenye buti, na kama anatumia insulini, iwekwe kwenye chombo chenye ubaridi mbali na jua la dirishani. Awe na ndizi au muhogo wa kuchemsha mkononi, na sukari kidogo kwa ajili ya wakati atakapoanza kutetemeka na kutoka jasho. Gari lisimame kila baada ya muda ili anyooshe magoti. Mikindani ni karibu mno kusimama, ila mkitaka watoto waione Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, basi ondokeni mapema zaidi. Kituo cha haki ni Mingoyo, penye samaki wa kukaanga na vijana wa korosho.

Mkazi wa Shangani aliandika:

Mama, nashukuru sana, na dereva pia. Ni kweli hakuwa ameulizwa. Mume wangu amezungumza naye jioni hii, na kumbe ana maoni kuliko sisi wote: yuko tayari kwenda Ndanda na angependa kuiona abasia, yale makao ya watawa wa Kikatoliki, kwa ndani, lakini anataka kitanda chake, hataki godoro la chini pamoja na watoto, na amesema tukifika Newala tusimharakishe kuondoka kwa sababu ya kazi zetu. Kwa hiyo tutaanza na lami. Je, kuna mtu wa Newala humu? Nataka kujua tubebe nini, na kama hali ya maji bado ni ile ya zamani.

Mwenyeji wa Newala alijibu:

Shemeji, kwa kuwa umeolewa kwetu niruhusu nikuite hivyo. Maji yamekuwa bora kuliko tulivyokua sisi, lakini Newala iko juu ya uwanda usio na mito, na maji ya bomba husukumwa kutoka bondeni, Mitema, kwa hiyo mashine ikisimama kule chini, huku juu tunarudi kwenye visima vya nyumbani vya kuvunia mvua ya bati. Mwishoni mwa Desemba visima hivyo ndiyo kwanza vinaanza kujaa tena baada ya kiangazi kirefu. Watoto wa mjini waliozoea kuacha bomba wazi waelezwe mapema, kwa upole lakini waelezwe, kwamba ndoo ya bibi ni hesabu ya siku nzima. Njooni na madumu mliyojaza Masasi. Mama mkwe hatayaomba, lakini ataona.

Kuhusu zawadi, sukari, mchele na mafuta ya kula havijawahi kukataliwa, na doti ya khanga kwa kila mama ni lazima kuliko hivyo vyote. Usije na fedha taslimu za kugawa mbele za watu. Katika msimu wa korosho wapo waliokwisha kulipwa baada ya mnada na wapo ambao bado wanasubiri malipo yao ya chama cha msingi, na noti zikitolewa hadharani ugomvi unaolala kati yao utaamka siku hiyo hiyo. Mpeni mama mkwe, yeye anajua nani ana nini. Wakati wa kurudi msikatae mtakachofungashiwa, hata kama buti limejaa korosho, embe na kunde. Mama mkubwa atawaambia ni kitu gani hakiachwi nyuma.

Ulizeni pia kama kuna mwali katika ukoo. Likizo ya Desemba ni wakati ambao familia nyingi huwachezesha watoto wao, kwa kuwa shule zimefungwa, na ngoma ya unyago hukesha. Ikiwa ipo, usiku mbili mlizopanga hazitatosha, kwa maana wewe kama mke wa ukoo huwezi kuondoka katikati, na mumeo ajue hilo kabla hajamwahidi bosi wake tarehe ya kurudi kazini.

Watoto wapelekeni Shimo la Mungu jioni moja. Ni pembezoni mwa mji, ardhi inakatika ghafla na bonde lote la Ruvuma linaonekana, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Hakuna uzio wa kutegemea kila mahali, kwa hiyo mdogo wenu ashikwe mkono.

Dereva wa Mingoyo alijibu:

Naongeza moja kwa ajili ya tarehe 27. Mkiwa Ndanda asubuhi hiyo, pigeni simu Masasi kabla ya kuwasha gari. Kama usiku mvua imenyesha kwa nguvu, subirini hadi saa nne au saa tano jua likaushe ule mpando, na mwombeni shemeji atembee na jeki, ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, jembe, na tairi la akiba lenye upepo. Na kama mvua haijakatika, msibishane nayo. Rudini Mtwara kwa lami mlikotokea, mkalale, na mama mkubwa apelekwe Newala siku nyingine kwa njia ya Tandahimba. Ila hiyo nayo mumwulize kwanza.