Riwaya ya mhadhiri ihesabiwe kwenye kupanda cheo, au la?

Wakuu, ukisoma taarifa za kazi za kitaaluma za idara zetu za Kiswahili, mara nyingi mbele utakuta makala, makongamano na tasnifu zilizosimamiwa. Riwaya au diwani ikitajwa, basi mkiani.

Hili halijakaa sawa. Euphrase Kezilahabi, mtunzi wa riwaya na mashairi, alikuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uzamivu aliupata Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na tasnifu ile nje ya wasomi wenzake ni nani anaijua? Kilichotikisa ni riwaya zake Nagona (1990) na Mzingile (1991). Hadi leo watu wanaziandikia makala, na kwa makala hizo wanapanda vyeo. Yaani anayechambua anahesabiwa, aliyetunga anaonekana alikuwa anajiburudisha jioni?

Nasema tungo zihesabiwe, tena kwa uzito wa kitabu cha taaluma. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji: Mleta mada, Kezilahabi umemchagua makusudi. Wangapi wanatunga hivyo? Siku hizi ukiwa na hela unajichapishia diwani chapchap, halafu unaipeleka kwenye kamati. Nani ataipima? Isitoshe, riwaya ikiteuliwa kusomwa sekondari mwandishi anakula mrabaha. Makala haina hata senti, na majarida mengine unalipia wewe.

Mleta mada: Ya kujichapishia nakubali, hizo zikae nje. Upimaji si mgumu: ipelekwe kwa wasomaji wawili wa chuo kingine. Utasema watajuana. Mkuu, hata kwenye makala tunajuana! Uwanja wetu mdogo, ukisoma aya mbili umeshamtambua mtu hata jina likifutwa. Mrabaha? Kitabu cha kiada cha sarufi nacho kina mrabaha, mbona hatukikatai kwa sababu hiyo?

Mchangiaji mwingine: Mnabishania riwaya, kamusi mmeisahau. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka 1981, ni kazi ya jopo. Mtu akikaa miaka anafasili vidahizo (maneno yanayoingizwa kwenye kamusi) na wenzake, anapewa alama ngapi? Zinagawanywa kwa idadi ya wanajopo? Wakati huohuo jirani yake ofisini katoa makala sita zinazozunguka jambo lilelile, kawa profesa mshiriki. Kwa hesabu hiyo, nani mwenye akili timamu atakubali kuingia kwenye jopo la kamusi?

Mchangiaji wa kwanza: Hapo kwenye kamusi sina ubishi. Kwenye riwaya bado sijashawishika.