Ndondi ama MMA (mapigano mseto: ngumi, mateke na mieleka): ni mchezo upi uliokunasa? Tupeane uzoefu

Mzee wa Makadara
Wadau, jana nilibishana na mpwa wangu mpaka chai ikapoa. Kijana ana miaka 19, anaweza kukusimulia mapigano ya Israel Adesanya wa MMA raundi kwa raundi. Nikamuuliza bondia wetu Robert Wangila ni nani. Akafikiri kidogo, akasema labda ni mbunge. Mbunge! Mkenya wa pekee aliyeleta dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha, Seoul 1988, eti mbunge.

Mimi nilinaswa 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika hapa Nairobi na Hit Squad, timu yetu ya taifa ya ndondi, ikawatwanga watu wa kila nchi. Nilikuwa mtoto, sikuelewa alama zinahesabiwaje. Nilichoelewa ni kwamba watu wazima mtaani kwetu walikuwa wanakumbatiana.

Haya, wewe je? Usilete nadharia, leta kisa chako.

Gunia la Kaloleni
Mimi nimeonja zote mbili. Ndondi nilianza darasa la saba kwenye ukumbi wa kijamii. Ada hakuna. Glavu pea tatu, vijana ishirini, kwa hiyo zikikufikia zimeshaloa jasho la wenzako na zinanuka kama soksi. Mfuko wa kupigia ulikuwa gunia lililoshindiliwa matambara na mchanga chini, ukipiga vibaya mkono unavimba. Ndiyo siri ya ndondi kukita mizizi Eastlands, wala si ufundi: ukipata kamba ya kuruka na barabara ya kukimbia alfajiri, umeshaanza.

MMA nilikutana nayo baadaye nikishapata kazi, jimu moja upande wa Kilimani. Mikeka safi, maji ya baridi, ada ya mwezi ambayo kocha wangu wa zamani angelipia kodi ya nyumba. Nikaingia kwa madaha, miaka sita ya ndondi mabegani. Nikapangiwa kijana mwembamba kama fito. Kwanza akanipiga teke la paja. Sasa, bondia amezoea kuegemea mguu wa mbele, na huo mguu ndio waliokuwa wakiusubiri. Nikainama kidogo tu, nikajikuta chali, mkono wake uko shingoni, nagonga mkeka kuomba nafasi ya kupumua. Sikuwa nimerusha hata konde moja.

Ningependa kusema nilirudi kesho yake. Nilikaa mwezi mzima bila kurudi. Ngazi za ofisini nilizipanda kwa kushika ukuta, nikiwaambia wenzangu nimeanguka bafuni.

Mama Chapo South B
Aliyeninasa mimi ni bondia wetu Fatuma Zarika. 2016 alikwenda Marekani akarudi na mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC, nami nikanunua viatu vya mazoezi wiki ileile. Bado naenda Jumanne na Alhamisi, kilo hazijapungua sana lakini hasira zimepungua. MMA siwezi kuitazama. Mtu ameanguka, mwenzake anamkalia kifuani na kuendelea kumpiga? Kwetu aliyeanguka huachwa ainuke.

Macho Mekundu
Mama Chapo, kwa heshima, hapo nakupinga. Huyo anayeachwa ainuke anahesabiwa nane, kisha anarudishwa kupigwa kichwa kilekile. Kwenye kizimba akishindwa kujikinga refa anamaliza shughuli. Wangila huyohuyo wa Mzee alifariki Las Vegas 1994 baada ya pigano la ndondi, tena glavu za ndondi ni wakia 8 au 10 na za MMA ni 4. Glavu nono inakinga ngumi ya anayepiga, ubongo wa anayepigwa haina habari nao. Sisemi MMA ni salama. Nasema tusidanganyane.

Kisa changu: 2021 nilikuwa sina kazi, silali. Mapigano makubwa ya Las Vegas huanza huku kwetu kama saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili. Nikawasha simu nikakuta Waafrika watatu wameshika mataji ya UFC, ligi kubwa ya MMA, kwa pamoja: Usman, Adesanya na Ngannou. Ngannou alichimba mchanga Kameruni akiwa mtoto! Nikasema huu ndio mchezo wangu. Halafu UFC bingwa wa uzito fulani ni mmoja, basi. Kwenye ndondi ukiuliza bingwa wa dunia nani, unaulizwa: wa WBC, WBA, IBF au WBO? Kila chama na mkanda wake.

Hasara yake ni moja. Nafika kanisani macho mekundu, shemasi anadhani nimekesha nikiomba. Sijamsahihisha.

Kiti cha Nyuma
Kwani Ngannou hakumwangusha Tyson Fury kwenye ndondi 2023? Swali limeisha 😂

Gunia la Kaloleni
Alimwangusha raundi ya tatu, majaji wakampa Fury. Machi 2024 Anthony Joshua akamlaza huyo Ngannou raundi ya pili. Na McGregor wa UFC alipovuka kupigana ndondi na Mayweather 2017 hakumaliza raundi ya kumi. Kila mtu ana uwanja wake, hata mimi nimejifunza kwa paja.

Dereva wa Ngong Road
Nyinyi mnabishana ufundi. Januari 2023 Mandonga, yule bondia wa Tanzania mwenye majigambo, alipokuja ukumbi wa KICC hapa Nairobi kupigana na Daniel Wanyonyi wetu, abiria wangu walikuwa wanaongea tu ile ngumi yake aliyoiita Sugunyo. Mama mmoja mwenye mboga aliniuliza kama inauma kuliko za kawaida. Mandonga akashinda, Julai Wanyonyi akalipiza kwa pointi, na kote huko hakuna aliyeniambia lolote kuhusu mguu wa mbele. Watu walifuata mdomo. MMA ya hapa ikipata mtu wa kutubeba hivyo kwa Kiswahili, na mimi nitanunua tiketi.

Mzee wa Makadara
Nimesoma zote, asanteni. Jioni hii nimemkalisha mpwa wangu nikamwonyesha fainali ya Seoul. Wangila anamlaza Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, mimi machozi yananilenga. Kijana ametazama mpaka mwisho, akanyamaza kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mjomba, huyo Mfaransa mbona hakumkamata miguu?"