Ukuta wa zege wa kuzuia udongo umeanza kuinama: uimarishwe vipi?

Mkaazi wa Mkoani
Assalamu alaykum. Nyumba yetu hapa Mkoani imejengwa kwenye mteremko, na nyuma yake upo ukuta wa zege wenye kimo cha mita 2 unaozuia udongo wa kiwanja cha jirani wa juu. Tangu masika yaliyopita ukuta unainama kuelekea kwetu, na karibu na chini umetokea ufa wa kulala. Fundi ameshauri tufunge wavu wa nondo upande wa mbele, kisha tumimine zege la sentimita 10 juu yake. Je, njia hiyo inatosha?

Fundi wa Wete
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Watoto wasicheze hapo hadi kazi imalizike. Kisha tazama maji kabla ya kununua nondo: je, ukuta una matundu ya kutolea maji? Kama hauna, mvua inayonywea kwenye udongo hujikusanya nyuma yake, na maji yakifika juu kabisa husukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2, mbali na msukumo wa udongo wenyewe. Yakiteremka hadi nusu ya kimo, nguvu hiyo hubaki robo tu. Hakuna nondo itakayokupa nafuu kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Mhandisi, Chake Chake
Nakubaliana na fundi wa Wete, na naongeza kuhusu ule ufa. Ukuta wa aina hii ukisukumwa, upande unaovutika ni ule wa udongo, nao huvutika zaidi pale chini ukuta unapokutana na msingi. Ndiyo maana nondo zake kuu hupangwa upande huo. Wavu wa mbele utakaa mahali zege linapobanwa, ambapo nondo haina kazi kubwa, na iwapo msingi ndio unaopinduka, wavu huo hautauzuia hata kidogo. Kinachofaa zaidi ni mihimili ya zege ya kuegemeza upande wenu, yenye msingi wake mpana uliounganishwa na msingi wa zamani kwa nondo. Tafadhali sana, msichimbe mbele ya ukuta kwa mfululizo, kwani udongo ule unausaidia usiteleze. Chimbeni shimo la mhimili mmoja, mmimine, zege likomae, ndipo mhamie la pili. Unene na nafasi ya mihimili vitolewe na mhandisi aliyefika kuuona udongo. Aidha, nondo zikionekana zimeliwa na kutu ndani ya ufa, ni bora ukuta uvunjwe na kujengwa upya.

Mkaazi wa Mkoani
Ahsanteni sana. Matundu hayapo, na maji ya paa la jirani humwagika nyuma ya ukuta. Amekubali tuchimbe upande wake. Je, tunaweza kurudishia mchanga wa pwani?

Fundi wa Wete
Hapana, una chumvi inayokula nondo. Chimbeni wakati wa kiangazi, toboeni matundu ya kutolea maji ukutani, jazeni kokoto nyuma yake, na kati ya kokoto na udongo tandazeni kitambaa cha kuchujia ili matundu yasizibe. Maji ya paa yapelekwe kwa bomba hadi mbali na ukuta.